Sekunde Nne za Amos

Jumapili, 2 Oktoba 1966

Daftari hili nililinunua niandike mara ngapi baba anakohoa, maana Dokta Rushworth alitaka hesabu. Kuanzia asubuhi hadi chai ya jioni: mara thelathini na moja. Nimechoka kuhesabu. Nitaandika mengine.

Leo televisheni imeanza kuonyesha "Miaka ya Matope", vipindi kumi na moja vya Vita vya Kwanza, kila Jumapili. Jirani yetu Doreen Sugden alikuja kutazama kwetu. Baba yake alifia vitani Somme, Ufaransa, yeye akiwa bado ananyonya. Alileta mkate wa tangawizi, akaketi kiti cha kati. Baba alikuwa na blanketi magotini.

Nilitegemea zile picha za zamani ambamo watu hutembea mbiombio kama vikaragosi. Hapana. Watengenezaji wameupunguza mwendo hadi mtu anatembea kama mtu. Askari alipita mbele ya kamera, akageuka kututazama, akatabasamu akiwa na sigara mdomoni, nami nikajikuta namrudishia tabasamu, mimi mwanamke wa miaka arobaini na minne, ndani ya nyumba yangu.

Kilipokwisha Doreen akasema, "Mzee Seth, hawa jamaa wanajua kazi."

Baba akajibu, "Matope yenyewe yalikuwa mazito zaidi."

Miaka yote niliyoishi naye, hilo ndilo neno refu kuliko yote aliyowahi kuyasema kuhusu vita.

Jumatano, 5 Oktoba

Mvua. Kiwandani tumeletewa vitambaa vya sufu ya kijivu vyenye nyuzi zilizokatika kila mahali. Macho yananiuma kwa kuzitafuta na kuzirudishia kwa sindano.

Jumapili, 9 Oktoba

Kipindi cha pili. Mzee mmoja wa Durham alisimulia jinsi alivyoagana na mama yake stesheni. Hawakumkatiza, hawakumwekea muziki. Alinyamaza, na kamera ikangoja naye. Doreen alilia waziwazi. Baba alikohoa mara mbili tu kipindi kizima.

Jumapili, 16 Oktoba

Mvua. Cha tatu.

Jumapili, 23 Oktoba

Nitaandika kwa utaratibu.

Kwanza niseme lile ambalo kila mtu hapa Holmeroyd analijua na hakuna anayelitamka mbele yetu. Baba na kaka yake Amos walijiunga na jeshi siku moja. Asubuhi ile ya Julai 1916, huko Somme, kikosi cha mji wetu kilipoamriwa kupanda kutoka handakini, mmoja wa Barraclough hao wawili hakupanda. Sajenti mmoja alimwona kajikunyata chini, kichwa matopeni. Hakuwa na nafasi ya kutazama ni yupi. Baba alirudi nyumbani na mkono uliopasuliwa na kombora. Amos hakuonekana tena, hai wala maiti. Mji ukajumlisha wenyewe: mwenye jeraha alipanda, aliyetoweka alijificha kisha akatoroka. Mwaka 1921, mnara wa mashujaa ulipojengwa, kamati ililiacha jina la Amos. Bibi yangu alichoma picha zake zote.

Sasa leo. Kipindi cha nne, saa moja na nusu asubuhi ile. Wanaume wanapanda ukingo wa handaki. Mmoja anafika juu, anasita, anaporomoka kifudifudi, anateleza kurudi chini. Sekunde nne, labda tano.

Baba akasimama. Wiki sita hajasimama bila mimi kumshika.

"Amos!" akasema. "Huyo ni Amos! Kapanda!"

Doreen akamgeukia. "Una hakika, mzee?"

"Mabega yale. Namna ile ya kutangulia na bega la kushoto. Rudisha, Hilda! Rudisha nione!"

"Haiwezekani, baba. Imeshapita."

"Waambie warudishe!"

Alikwenda akaushika uso wa televisheni kwa viganja viwili, pale ambapo sasa palikuwa na ramani. Nilimkalisha kwa nguvu. Doreen alivaa koti lake polepole. Mlangoni akaniambia, "Mama yangu alikufa akimlaani Amos. Kama ni kweli alipanda, Hilda, nataka kulijua. Lakini nataka kweli, si ya mgonjwa."

Jumatatu, 24 Oktoba

Nimewaandikia watu wa televisheni London.

Alhamisi, 27 Oktoba

Hakuna jibu. Ukungu. Baba anauliza posta imepita mara ngapi.

Jumatatu, 31 Oktoba

Hakuna jibu. Jana hakutazama kipindi cha tano, alikuwa akiangalia wanaume tu, mmoja mmoja, akisema "siye, siye, siye." Dokta Rushworth kaniita ukumbini: mapafu yamekwisha. Hawezi kuahidi kwamba baba atafika Krismasi.

Nimepiga simu kutoka kibanda cha posta. Sauti ya kike ikaniambia kwamba maelfu ya watazamaji wanaona ndugu zao. Nikasema, "Mimi siombi kuamini. Naomba kuona." Akasema niandike barua.

Jumamosi, 5 Novemba

Sikuandika barua. Nimemwachia Doreen baba, nikapanda treni hadi London.

Mlinzi wa lango la jengo la televisheni alikataa kuniruhusu. Nilisimama kwenye mvua tangu saa tano hadi saa nane, nikimwambia kila aliyetoka, "Natafuta aliyetengeneza kipindi cha nne." Wengine walinipisha kama mlevi. Hatimaye akatoka mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, vidole vyeusi kwa wino, akala nusu ya mkate wake akiwa amesimama, akaniuliza, "Kipindi cha nne kina nini?"

Huyo ndiye Averil Tench, mhariri wa picha. Alinisikiliza, akanipa nusu ya pili ya mkate, akaniingiza ndani.

Chumba chake ni kidogo kama ghala letu la makaa. Mikanda imening'inia kwenye misumari kama soksi, kila mmoja na kikaratasi. Alinionyesha kwamba mkanda ni picha ndogondogo mfululizo, na jinsi wanavyorudia moja kila baada ya chache ili mwendo uwe wa kibinadamu. Alinionyesha makopo ambamo mkanda umeoza ukawa unga wa kahawia. "Humu mlikuwa na watu," akasema. Nilimwambia nami kazi yangu ni kurudishia nyuzi zilizokatika. Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza.

Kisha akaweka mkanda mzima wa zile sekunde nne kwenye mashine, akasita.

"Dada, nikikuonyesha, huwezi kurudi kutokuona."

"Weka."

Wanaume wanapanda. Yule mmoja anaporomoka. Analala. Na pale ambapo kwenye televisheni picha ilikatwa, hapa iliendelea. Maiti ikajikuna pua. Ikainuka, ikajipangusa magoti, ikacheka na mtu aliye nyuma ya kamera.

"Ni mazoezi," akasema Bi Tench. "Shule ya kijeshi, maili nyingi nyuma ya mapigano. Waliambiwa waanguke. Nilishuku tangu mwanzo: ukingo mfupi, hakuna waya wa miiba, mizigo hawana. Nikamwambia mkubwa wangu. Akasema hatuna picha nyingine, na watu wanataka kuona. Nikakata kicheko kwa mkono wangu huu."

Mimi sikuwahi kuuona uso wa Amos. Nani angeniambia kama ule ndio?

Jumapili, 6 Novemba

Nimemwambia baba bado wanautafuta mkanda. Nimemdanganya machoni.

Jumapili, 13 Novemba

Siku ya Kumbukumbu ya waliokufa vitani. Majina yalisomwa mnarani. Kutoka "Bairstow" wanaruka hadi "Beaumont", bila Barraclough, kama kila mwaka. Doreen alikuwa karibu nami chini ya mwavuli. Akaninong'oneza, "Mwakani labda wataongeza moja." Nilitamani ardhi inimeze.

Jumanne, 15 Novemba

Baba hali chakula tena. Anachotaka ni kuona. "Kabla sijafa, Hilda. Sekunde nne. Mtu ataninyima sekunde nne?"

Nimemwandikia Bi Tench: aje na projekta, akikate kile kicheko kama alivyokikata mwanzo, amwonyeshe mzee ndugu yake akipanda, basi. Ni mtu anayekufa. Nani atadhurika?

Ijumaa, 18 Novemba

Amejibu. "Nilikikata mara moja na ndiyo maana baba yako hapati usingizi. Sitakikata tena. Nitakuja na mkanda mzima Jumamosi ya tarehe 26, au sitakuja. Chagua."

Nimemchukia usiku kucha.

Jumamosi, 19 Novemba

Nimepiga simu. Aje.

Alhamisi, 24 Novemba

Barafu ya kwanza. Bomba la uani limepasuka. Baba kaniita kwa jina la mama yake.

Jumamosi, 26 Novemba

Doreen yuko kwa binti yake Leeds. Nilishukuru.

Bi Tench alifika na treni ya saa sita, projekta mkono mmoja, kinasa sauti mkono mwingine. Alisema hutembea nacho kila anapokwenda kwa mzee wa vita, kama daktari na mkoba wake. Tulitundika shuka ukutani. Nilimwegemeza baba kwa mito mitatu.

"Mzee Barraclough," Bi Tench akasema, "kabla hujatazama nikwambie. Hii haikupigwa vitani. Ni mazoezi. Tuliwadanganya watazamaji, na wewe ukiwamo."

Baba akamwambia, "Washa tu, binti."

Akawasha. Wanapanda. Anaporomoka. Analala. Anajikuna pua. Anainuka na kucheka, na kwa mara ya kwanza uso wote ukaelekea kwetu, mkubwa ukutani, wenye meno mazuri.

Baba alitazama mpaka mkanda ukatoka kwenye gurudumu ukawa unapiga tap, tap, tap.

"Siye," akasema. "Meno hayo. Siye kabisa."

Nikamshika mkono. "Pole, baba. Pole sana."

"Pole ya nini? Nilijua kwamba alipanda. Sikuhitaji kuambiwa."

Sikumwelewa. Bi Tench alielewa kabla yangu, maana aliinama polepole, akaweka kinasa sauti kitandani, hakukiwasha. "Mzee, niwashe?"

Baba akafikiri. Akakohoa kwa muda mrefu. "Washa."

Nitaandika kama alivyosema.

"Amos alikuwa kulia kwangu. Filimbi ilipolia aliniambia, 'Haya, Seth, twende.' Miguu yangu haikuja. Niliiambia njoo, haikuja. Nikapiga magoti, nikaweka uso kwenye tope. Akanivuta ukosi. Akasema, 'Twende, mdogo wangu, usiniache peke yangu.' Kisha akaniachia. Nilisikia viatu vyake vikipanda ngazi. Vipandio vitano. Sikuinua kichwa. Sikumwona akienda. Kombora lilinikuta palepale chini, saa nzima baadaye, mkononi. Niliporudi wakanipokea kwa bendi. Wakaniuliza, 'Na Amos?' Nikasema sijui. Sijui! Basi hapo ikatosha, wakamalizia wenyewe."

Akapumua kwa shida. Bi Tench akangoja. Kinasa sauti kilizunguka.

"Nilitaka kumwona akipanda," baba akasema. "Maana viatu nilivisikia, lakini kuona sikuona. Miaka hamsini natazama ukutani, naona ngazi tupu. Nilipomwona yule kijana kwenye televisheni nikasema, Mungu kanirehemu, kanionyesha. Kumbe siye."

Nilitoka nikasimama uani karibu na bomba lililopasuka. Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumkumbatia. Bibi yangu alichoma picha za mwanawe. Kwa sababu ya neno "sijui".

Niliporudi baba alikuwa akimwambia Bi Tench, "Iwekeni. Iwekeni kwenye televisheni, watu wasikie."

"Na jina lako, mzee?"

Alinitazama mimi. "Muulize Hilda. Yeye ndiye atakayebaki hapa."

Jumapili, 27 Novemba

Sikuwasha televisheni.

Jumatano, 30 Novemba

Namlisha, namwosha, namgeuza. Hatusemi.

Ijumaa, 2 Desemba

Ameniuliza, "Unanichukia?" Nikamwambia, "Kunywa supu." Alikunywa yote kama mtoto anayeogopa fimbo. Nikaenda jikoni nikalia ndani ya taulo.

Jumatatu, 5 Desemba

Baba amefariki saa kumi alasiri, theluji ikianza. Nilikuwa nimemshika. Nilipata kumwambia sikuchukii. Sijui kama alisikia.

Alhamisi, 8 Desemba

Mazishi. Chama cha askari wa zamani kilileta bendera na tarumbeta. Mchungaji akasema "shujaa". Doreen alipanga sandwichi za nyama, akaosha vikombe vyote peke yake. Kila aliyenipa mkono nilihisi ananipa kitu nilichoiba.

Ijumaa, 9 Desemba

Bi Tench kapiga simu nyumbani kwa Dokta Rushworth, wakaniita. Kipindi cha mwisho ni Jumapili. Sauti ya baba imo, nusu dakika na kitu. Amepigana na mkubwa wake pia hadi huyo mkubwa akakubali msimulizi aseme kwamba picha za kipindi cha nne zilikuwa za mazoezi. Bado swali moja.

"Tumtaje au tusimtaje?"

"Jina la Amos linasikika?"

"Linasikika. Naweza kulikata. Sitaki, ila naweza. Sasa mwenye haki ni wewe."

Nilitazama ukuta wa ukumbi wa daktari. Nilifikiria kiwandani, dukani, kanisani, na kaburi ambalo udongo wake haujashuka.

"Kata majina yote," nikasema. "Sema askari mmoja tu."

"Haya, dada."

Jumapili, 11 Desemba

Doreen alikuja na mkate wa tangawizi kama kawaida. "Tumalize walau kwa ajili ya mzee," akasema.

Kilikuwa kizuri. Lazima niseme, hata leo. Waliungama kosa lao mwanzoni kabisa, bila kujipamba. Kisha makaburi, safu na safu, bila neno lolote. Kisha shamba la ngano lisilo na mtu, lililopigwa picha mwaka huu, upepo ukipita, na juu ya upepo huo sauti ya mtu anayekufa: "Miguu yangu haikuja. Niliiambia njoo, haikuja." Hawakuonyesha askari hata mmoja. Bi Tench alijua kwamba picha yoyote pale ingekuwa uongo. Nikaziona ngazi mimi mwenyewe, kwenye ngano.

Doreen aliacha kutafuna.

"Hilda. Sauti hiyo."

"Vipi?"

"Inafanana na ya mzee Seth."

"Wazee wote wenye kifua wana sauti moja," nikasema.

Alinitazama. Nikainuka kuweka birika.

Jumatatu, 12 Desemba

Kiwandani wanawake walikizungumzia kipindi mchana kutwa. Mmoja akasema, "Maskini yule mzee." Mwingine: "Maskini kitu gani? Kamwacha kaka yake." Niliinamia kitambaa. Nilijichoma kidole mara tatu.

Alhamisi, 15 Desemba

Mvua na theluji pamoja. Silali.

Jumatatu, 19 Desemba

Bi Tench kanitumia bahasha ya barua za watazamaji. Nyingi ni fupi. Moja ya mwanamke wa Cumberland nainakili:

"Mume wangu aliposikia yule askari, aliinuka akazima televisheni. Nikadhani kakasirika. Akaketi akaanza kuzungumza, akazungumza mpaka chakula kikapoa na moto ukazimika. Nimeolewa naye miaka thelathini na tisa na sikuwa nimemjua. Nawaombeni jina la yule mzee. Mume wangu anataka kumwombea kanisani, na anasema huwezi kumwombea mtu kwa jina la 'askari mmoja'."

Nimeisoma nikiwa bado na koti.

Nilidhani namlinda baba. Baba naye alidhani nini mwaka ule, mbele ya bendi? Mimi nilikuwa na simu mkononi na mtu mwaminifu upande wa pili, sikuwa na makombora juu yangu, wala sikuwa kijana wa miaka ishirini. Na miguu yangu haikuja.

Nimemjibu mwanamke wa Cumberland. Jina lake Seth Barraclough. Aliyepanda ngazi aliitwa Amos.

Kisha nilitoka hivyohivyo nikagonga mlango wa Doreen. Alikuwa anamenya viazi.

"Ile sauti ni ya baba," nikasema. "Aliyebaki chini ni yeye. Amos alipanda pamoja na baba yako."

Kisu kilisimama. Maji ya bomba yalikuwa yakimwagika tu.

"Mama yangu alimtemea mate bibi yako," akasema. "Mlangoni mwa kanisa. Nikiwa na miaka saba, nimeshika sketi yake. Baba yako alikuwa amesimama hapo."

"Ndiyo."

"Na hakusema neno."

"Hakusema."

"Na wewe Jumapili ile ukaniwekea chai."

Akafunga bomba. Akafungua mlango, akaushika wazi mpaka nikatoka.

Jumanne, 20 Desemba

Pazia la Doreen halikufunguliwa. Kiwandani nimewaambia mwenyewe, kwa sauti, mashine zilipozimwa kwa chai. Nilirudi nyumbani peke yangu.

Jumatano, 21 Desemba

Kamati ya mnara ilikutana leo alasiri, kikao cha mwisho kabla ya mwaka mpya. Niliomba ruhusa kazini, niende kuwaomba waliandike jina la Amos. Niliandika maneno ya kusema, nikayachana, nikaandika tena. Saa nane nilifika mlangoni mwangu nikashika kitasa na sikuweza kukizungusha. Sijui nilisimama pale dakika ngapi.

Mlango ukagongwa kutoka nje, karibu na uso wangu.

Doreen, amevaa koti lake jeusi la mazishi na kofia. Macho yamevimba.

"Baba yako sijamsamehe," akasema. "Usidhani nimekuja kwa hilo. Pengine sitamsamehe."

"Sawa."

"Lakini ukienda peke yako watasema Barraclough anamtetea Barraclough. Mimi babangu yuko kwenye ule mnara. Mimi hawatanikatiza." Akatazama viatu vyangu. "Hivyo vitateleza kwenye barafu. Vaa vingine, haraka. Wanaanza saa tisa."

Nilivaa vingine. Tuliteremka mtaa bila kuongea, yeye akiwa mbele hatua moja, mpaka penye mteremko mkali wa kanisa, ambapo alisimama, akaninyooshea mkono bila kugeuka.